Mgonjwa Haulizwi Uji. Je, Aulizwe Salio?

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Hupikiwa, akapewa. Anayengoja mgonjwa aombe, au anayemtajia bei kabla ya kumpa, amekosa adabu ya kuuguza. Methali hii ilitoka kwa watu waliouguzana nyumbani, ambako jiko lilikuwa hatua chache kutoka kitandani, na mwenye kuuguza alikuwa mama, dada au jirani. Leo wengi wetu tunaugulia hospitalini, mbali na jiko hilo, na pale kitandani imezuka haja nyingine iliyo karibu sawa na uji, nayo ni simu. Kwa simu mgonjwa huwasikia watu wake, huomba fedha za dawa, husikiliza redio, hufuatilia mpira, na hupitisha usiku unaokataa kwisha.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki gharama ya mawasiliano na burudani ya kitandani ibebwe na mgonjwa mwenyewe? Na kama si haki, ni nani anayemdhulumu? Swali la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Baadhi ya wenzangu niliowaeleza mada hii walicheka. Walisema kwamba hospitali inayokosa glavu haiwezi kuanza kufikiria salio la wagonjwa. Hoja yao ina uzito na nitaijibu mbele. Kwa sasa naomba msomaji akubali jambo moja tu, kwamba udogo wa kitu kwa bei hauthibitishi udogo wake kimaadili. Shilingi 500 ni kidogo kwangu mimi niliyesimama na kwenda nitakako. Kwa mtu aliyelala na mfuko mtupu, ni ukuta.

Nitaanza mbali na kwetu, nchini Uingereza, kwa sababu huko jambo hili lilifanywa waziwazi, kwa mikataba, kisha likachunguzwa. Mwaka 2000 serikali ya Tony Blair ilitangaza mpango mkubwa wa kuboresha huduma ya afya ya taifa. Miongoni mwa ahadi zake ilikuwamo hii: ifikapo 2004 kila hospitali kubwa iwe na televisheni na simu kando ya vitanda. Nia ilikuwa njema. Fedha, hata hivyo, hazikutoka serikalini. Kampuni binafsi, kubwa zaidi ikiwa Patientline, zilipewa nafasi ya kufunga vifaa hivyo kwa gharama zao, kisha zirudishe mtaji kwa kuwatoza wagonjwa na jamaa zao. Mgonjwa alilipia ili atazame televisheni. Aliyempigia kutoka nje alilipa hadi peni 49 kwa dakika moja, na kabla hajaunganishwa alisikilizishwa ujumbe uliorekodiwa huku akiendelea kutozwa. Wakati huohuo hospitali nyingi zilikuwa zimepiga marufuku simu za mkononi wodini kwa hofu kwamba zingevuruga mitambo. Kwa hiyo bibi kizee aliyetaka kumsikia mumewe aliyelazwa hakuwa na njia nyingi za kuchagua.

Malalamiko yalipozidi, Ofcom, ambayo ni mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ilianza uchunguzi mwaka 2005. Matokeo yalitolewa Januari 2006, na ndiyo yanayonivutia. Ofcom iliona kwamba bei hizo zilikuwa juu na ziliwaumiza watu, lakini haikuzitupia lawama kampuni peke yake. Ilisema chanzo kilikuwa mtandao mzito wa sera za serikali na mikataba. Kampuni zilitakiwa kufunga vifaa ghali kando ya vitanda vingi, na mlango mkubwa wa kurudisha gharama hizo ulikuwa mfuko wa anayepiga simu. Suala likarudishwa wizarani. Mwaka 2007 Patientline ilipandisha bei ya simu zilizopigwa na wagonjwa kutoka peni 10 hadi peni 26 kwa dakika, na mwaka uliofuata ikaanguka kwa madeni. Yaani wagonjwa walilipa sana, na aliyewatoza hakutajirika. Tukilieleza jambo hili kwa neno “ulafi” tu, tutakuwa hatujalieleza.

Msomaji wa Kampala atauliza hayo yanatuhusu nini, maana wodi zetu za serikali hazina skrini wala simu ya kitanda. Ni kweli, hazina. Lakini tutazame kilichopo badala yake.

Machi 2001 Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya afya vya serikali, isipokuwa katika wodi za kulipia. Maskini wengi waliokuwa wakiiogopa hospitali walianza kuja, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, watafiti waliochunguza matumizi ya kaya katika miaka iliyofuata walikuta kwamba mzigo wa gharama kubwa za matibabu kwa maskini haukupungua kama ilivyotarajiwa. Sababu mojawapo ni kwamba dawa zilizokosekana hospitalini ziliendelea kununuliwa nje. Neno “bure” lilifuta risiti ya mlangoni. Halikufuta gharama zinazojitokeza kati ya mlango na kitanda.

Kati ya mlango na kitanda kuna mtu. Katika hospitali zetu kubwa mgonjwa haji peke yake. Huja na mtu ambaye Waganda humwita omujjanjabi, nami hapa nitamwita muuguzaji, nikimtofautisha na nesi aliyeajiriwa. Muuguzaji hulala kwenye mkeka chini ya kitanda au kibarazani. Humwosha mgonjwa, humlisha, hufua mashuka yake, hupeleka sampuli maabara, na hukimbilia duka la dawa kipande cha karatasi kikiwa mkononi. Manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Wauguzaji wakigoma siku moja, wodi itasimama. Hakuna waraka wa ajira unaowataja, lakini kazi ya hospitali imejengwa juu yao. Na chombo chao cha kazi ni simu. Tangu huduma ya pesa za simu ilipoingia Uganda mwaka 2009, fedha za dawa, za chakula na za nauli hufika kitandani kwa njia hiyo. Muuguzaji asiye na chaji ni kama mvuvi asiye na wavu.

Nayajua haya kwa kuyafanya. Mwaka jana nilimuuguza shangazi yangu kwa siku 19 katika hospitali moja ya serikali hapa mjini. Soketi za wodini zilitengwa kwa ajili ya mashine, na tangazo la kukataza kuchaji simu lilibandikwa ukutani. Sina ugomvi na tangazo hilo, kwa kuwa mashine ya oksijeni ina haki ya umeme kuliko simu yangu. Lakini hapakuwa na soketi nyingine popote kwa ajili yetu. Nje ya lango alikaa mama mmoja mwenye kibanda, waya mrefu na soketi nyingi, akichaji simu moja kwa shilingi 500. Niliandika matumizi yote kwenye daftari, kwa sababu baba mdogo aliyekuwa akitutumia fedha kutoka Masaka alitaka hesabu, na alikuwa na haki ya kuitaka. Kuchaji simu mbili, yangu na ya shangazi, kwa siku 19 kulikula shilingi 19,000. Bando la dakika la shilingi 1,000 kila siku lilikula 19,000 nyingine. Ada za kutoa fedha kwa wakala, mara tisa, zilifika 8,600. Jumla ni shilingi 46,600. Maziwa aliyokunywa shangazi siku zote hizo yaligharimu 38,000.

Nilipoipitia orodha ya simu nilizopiga, za salamu zilikuwa chache. Nesi amesema dawa fulani imekwisha, nimpigie baba mdogo. Daktari ametaka kipimo kinachofanywa nje, nimpigie baba mdogo tena. Binamu alete mashuka. Jirani amwangalie mtoto wa shangazi aliyebaki nyumbani. Nyingi ya simu hizo zilianza kwa maneno ya mtumishi wa hospitali aliyeniambia, “Wapigie watu wenu.” Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ya kazi ya hospitali ilikuwa ikipita juu ya salio letu.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Tulizungumza Kiswahili, na alifurahi, kwa sababu Luganda kilikuwa kikimpita. Hakuwa na muuguzaji. Simu yake ilizimika siku ya pili, akaiweka chini ya mto. Siku moja alinitazama nikimaliza kuongea, akaniuliza, “Mwanangu, dakika moja ni bei gani?” Nikamwambia, “Mama, piga tu.” Alikataa kuishika mpaka nimtajie bei. Nilipomtajia, alimpigia dada yake aliye katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, akaongea mbiombio kama mtu anayeona basi linaondoka, akanirudishia simu kabla dakika haijaisha. Alisema mambo matatu: kwamba yuko hai, kwamba yuko wodi gani, na kwamba watoto wapelekwe kwa nani. Siku zilizofuata nilimpa simu kabla hajaomba, lakini kila mara alihesabu. Yeye alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyeuliza bei ya uji.

Sasa turudi kwenye swali la nani anayedhulumu. Jibu la kwanza linalokuja akilini ni lile la bei ya haki. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas alifundisha kwamba muuzaji hapaswi kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, kwa kuwa shida hiyo si mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu nao wamejadili mauzo ya mtu aliyebanwa na dharura, na wamechukizwa na bei ya kupindukia anayotozwa mtu huyo. Ridhaa yake ina kasoro, kwani anasema ndiyo kwa sababu hana nafasi ya kusema hapana. Mafundisho haya mawili, yanayosomwa na majirani wanaosali nyumba tofauti hapa Kampala, yanakutana mahali pamoja: udhaifu wa mnunuzi haupaswi kuwa faida ya muuzaji.

Kipimo hiki ni kizuri. Lakini mpime kwacho mama wa kibanda. Mtaani kwetu pia kuchaji simu ni shilingi 500. Hakupandisha bei kwa sababu sisi tulikuwa na mgonjwa. Alilipia umeme, alizilinda simu za watu mchana kutwa, na yeye mwenyewe ni maskini mwenye watoto wa kusomesha. Mwanafalsafa wa Marekani, Alan Wertheimer, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu unyonyaji, alionyesha kwamba biashara inaweza kuwanufaisha wote wawili na bado ikawa ya kinyonyaji, endapo mmoja anajitwalia faida isiyo ya haki. Tahadhari hiyo ni muhimu, ila hapa haimpati mama huyu, maana hakuchukua kupita haki yake. Na tukimfukuza pale langoni, kama askari wa jiji wanavyowafukuza wachuuzi mara kwa mara, watakaoumia kwanza ni wagonjwa. Wakala wa pesa za simu naye alitoza ada ileile anayotozwa mfanyabiashara mzima wa afya. Kampuni ya simu iliuza bando kwa bei ileile ya mji mzima.

Tunabaki na fumbo. Kila muuzaji katika mnyororo huu ametoza bei ya kawaida, lakini jumla yake ni mgonjwa anayehesabu sekunde kabla ya kuwaambia watoto wake kwamba yu hai. Dhuluma iko wapi, ikiwa hakuna hata mmoja aliyedhulumu?

Jibu langu ni kwamba tumeitazama bei mno na kukisahau kitanda. Kuna aliyepanga mahali ambapo binadamu hawezi kuondoka kwa muda wa wiki kadhaa. Ameikabidhi kazi ya kumtunza binadamu huyo kwa jamaa zake. Ameacha dawa na vipimo vitafutwe nje, kwa fedha zinazofika kwa simu. Kisha simu hiyohiyo ameiacha nje ya hesabu yake, kana kwamba ni anasa ya mtu binafsi kama miwani ya jua. Ni sawa na kumpa mpishi kazi na kumwambia kuni ni juu yake, tena mpishi mwenyewe halipwi. Aliyepanga hivyo ni taasisi, yaani hospitali na dola iliyo juu yake. Lawama inapaswa kupanda ngazi hadi huko, badala ya kuishia langoni kwa mwenye kibanda. Hapa Kampala na Uingereza zinafanana zaidi ya tulivyodhani. Kule vifaa vilikuwapo na huku havipo, lakini katika nchi zote mbili mpangaji aliahidi au alitegemea mawasiliano ya kitandani bila kuyatengea fungu, na gharama ikateremka yenyewe mpaka kwa aliyelala.

Sheria zetu zenyewe zimeshakaribia kukiri jambo hili. Julai 2018 serikali ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu. Hii ya pili ilipingwa sana, ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 kwenye fedha zinazotolewa tu. Mwaka 2021 ile kodi ya mitandao ilifutwa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Ndani ya sheria hiyo ya 2021 kuna msamaha: data inayotumika kutoa huduma za matibabu na za elimu haitozwi. Msamaha huo unanipendeza, kwa sababu bunge lilitambua kwamba kuna mawasiliano ambayo ni sehemu ya tiba, na kwamba si adabu kuyatoza. Lakini tiba inayokumbukwa hapo ni ile inayotolewa na mtoa huduma. Muuguzaji anayetuma picha ya karatasi ya daktari kwa baba mdogo ili anunue dawa Masaka na kuipakia kwenye basi, je, hatoi huduma ya matibabu? Bando lake lina kodi kamili. Hata kodi ile ya kutoa fedha kwa wakala haiulizi kama fedha hizo ni za arusi au za damu na dripu. Tumeukubali msingi, kisha tukauwekea mipaka ambayo inaiacha nje nusu ya watu wanaofanya kazi ya kuponya.

Mpaka hapa nimezungumzia simu kama chombo cha kazi. Burudani je? Ni wajibu wa hospitali pia kumpa mgonjwa redio, televisheni na mechi ya Jumamosi? Hapa ninakwenda kwa tahadhari. Katika hospitali binafsi televisheni iko ukutani na bei yake imo ndani ya bei ya chumba. Aliyeingia alijua analipia nini, na sioni ubaya. Katika wodi ya umma mambo ni tofauti. Mfikirie kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa uzito, anatazama dari ileile kwa wiki sita. Uchovu wa kukaa bila la kufanya nao ni maumivu, na kila aliyewahi kuuguza anajua kwamba saa tisa usiku maumivu hayo hugeuka kuwa woga. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba kumnyima kijana huyu mpira ni sawa na kumnyima sauti ya mama yake. Wajibu wa kumuunganisha mgonjwa na watu wake ni wa nguvu, kwa sababu bila watu hao matibabu yenyewe hukwama na mgonjwa hubaki namba ya kitanda. Wajibu wa kumburudisha ni mwepesi zaidi: asizuiwe kujiburudisha kwa chake bila sababu, asiuziwe kwa bei ya mtu asiyeweza kutoka, na pale ambapo kitu ni rahisi kupatikana, kama redio moja ya pamoja yenye sauti ndogo, apewe. Nakiri kwamba mstari huu haukunyooka. Kwa yule mama wa Kongo, taarifa ya habari ya Kiswahili redioni ingekuwa burudani au ingekuwa nyumbani? Nadhani ingekuwa vyote viwili.

Sasa niwajibu wenzangu wa glavu. Hoja yao ni ya vipaumbele: fedha ni chache, na maisha huja kabla ya mazungumzo. Nakubaliana nao kwamba glavu ni za kwanza. Lakini hoja hiyo ina upungufu mara mbili. Kwanza, inadhani kwamba hospitali isipolipa, gharama haipo. Ipo, na inalipwa kila siku na watu wenye uwezo mdogo kuliko wote, kwa bei ya rejareja, simu mojamoja. Kuamua kutoitazama ni kuamua nani ailipe. Pili, inatenganisha maisha na mazungumzo mahali ambapo havitenganishiki. Katika mfumo ambao glavu yenyewe wakati mwingine hununuliwa na jamaa, simu ndiyo inayoileta glavu.

Wapo wanaoogopa kwamba cha bure kitatumiwa vibaya. Watu wasiouguza watakuja kuchaji simu zao, na mgonjwa mmoja atapiga simu usiku kucha huku mwenzake akitafuta usingizi. Hofu hiyo ni ya kweli, na inadai utaratibu. Haidai bei. Hatuuzi maji ya bomba la wodini kwa glasi ili watu wasiyamwage. Tunaweka bomba linalofungika. Bei huchuja watu kwa uwezo wa mfuko, na wodini tunataka kuwachuja kwa haja. Mama asiye na muuguzaji ana haja kubwa kuliko wote, na bei humtoa wa kwanza.

Kinachohitajika si kikubwa. Kila wodi iwe na kabati la chuma lenye soketi za kuchajia na funguo, lililotengwa na umeme wa mashine, likitumia paneli ya sola pale inapowezekana. Dawati la manesi liwe na simu moja ya wodi ambayo mgonjwa asiye na salio anaweza kuitumia kwa dakika chache kwa siku. Hospitali inapotaka jamaa aitwe kwa sababu ya matibabu, iite yenyewe, kwa simu yake. Na mamlaka zikae na kampuni za simu kuona kama simu zinazopigwa kwenda kwenye namba za wodi zinaweza kuwa za bure. Hili si la ajabu. Mtoto wa Uganda aliye hatarini anaweza kupiga 116 bila salio, na nyakati za milipuko ya magonjwa Wizara ya Afya imekuwa na namba ya bure ya kuipigia. Tumeshaonyesha kwamba tukiamua kuwa simu fulani ni ya lazima, tunajua namna ya kuifuta bei yake.

Liko jambo moja ambalo hoja yangu haiwezi kulitatua. Simu ya bure haimpi mtu wa kumpigia. Wapo wagonjwa ambao hata tukiwawekea simu ya dhahabu kitandani hawana namba wanayoikumbuka, au wanaikumbuka na upande wa pili hapokei mtu. Upweke wa namna hiyo hauponywi na sera ya mawasiliano. Unahitaji mwanadamu atakayevuta kiti. Nalitaja ili nisije nikaonekana nafikiri kwamba kifaa kinaweza kuchukua nafasi ya jamaa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: mwenye jamaa asitenganishwe nao na shilingi 500.

Tukumbuke pia kwamba uji wenyewe haujawahi kuwa bure hata siku moja. Kuna aliyelima mtama, aliyenunua unga, aliyekata kuni, aliyekesha akikoroga. Wazee waliotuachia methali hii walijua gharama hizo kuliko sisi, kwa kuwa walizitoa kwa mikono yao. Hawakusema kwamba uji hauna bei. Walisema kwamba bei yake haiulizwi kitandani, na waliokuwa wazima ndani ya nyumba walijua kwamba hesabu hiyo ni yao.